Mgagani wa masika, mlo wa Agosti

Huku Kisaka mboga hutusumbua mara mbili. Aprili na Mei zimejaa shambani hadi zinachanua bila mchumaji. Julai hadi Septemba unazunguka soko zima ukitafuta fungu la mgagani, unarudi na kabichi. Mama zetu walizikausha juani, nami sijaacha, maana mboga kavu ina ladha yake. Ila nikitaka ya kijani wakati wa kiangazi, nategemea friza.

Wengi huosha mboga, wakafunga, wakatia kwenye friza. Baada ya miezi michache inatoka imefifia rangi na inanuka nyasi. Baridi haikomeshi vimeng'enya vinavyoharibu jani, huvipunguza kasi tu. Vinakomeshwa na maji yanayochemka, na hapo ndipo kazi yenyewe ilipo.

Chuma asubuhi, jua halijapiga. Chambua, osha mpaka mchanga uishe. Bandika sufuria kubwa yenye maji mengi na uyaache yatokote, kisha utie mboga kidogo kidogo yasije yakapoa. Mchicha, majani ya kunde na ya maboga, dakika mbili. Sukuma wiki, dakika tatu. Mlio kwenye milima ya Tarime, juu ya mita 1,500, ongezeni dakika moja: huko maji huchemka kwenye nyuzi 95 hivi, hayafiki 100.

Mgagani na mnavu vina utaratibu wake. Hizi tunazichemsha siku zote ili kupunguza uchungu, kwa hiyo zichemshe kama za kula leo, mwaga maji, basi. Kwangu ndizo mboga zinazoifaa friza kuliko zote, wala sielewi kwa nini watu huanza na karoti.

Ukiopoa, tumbukiza kwenye beseni la maji ya barafu mpaka zipoe kabisa, kisha kamua. Kamua kwelikweli! Maji yanayobaki hugeuka chembe za barafu zinazochanachana jani, ukaja kupika uji wa kijani. Mimi hufinyanga matonge, kila tonge mlo mmoja wa nyumba, nikayapanga kwenye sinia yagande usiku kucha bila kugusana. Asubuhi nayahamishia kwenye vyombo vya plastiki vyenye mifuniko. Mifuko ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku nchini tangu Juni 1, 2019, na hata hivyo ilikuwa myepesi mno kwa kazi hii. Andika jina na mwezi juu ya chombo, kwa sababu mnavu na mgagani vikishaganda huvitofautishi. Kwenye nyuzi 18 chini ya sifuri, mboga hubaki nzuri miezi minane hadi kumi na miwili.

Hoho ikatekate na uigandishe mbichi. Njegere, dakika moja na nusu kwenye maji ya moto. Nyanya igandishe nzima. Ukiimwagia maji ganda linavuka lenyewe, ila ni ya mchuzi tu, kachumbari usahau. Matango na saladi usihangaike nayo.

Sasa umeme. Friza iliyojaa, isipofunguliwa, huhimili saa 48 hivi. Iliyojaa nusu, saa 24. Kwa hiyo nafasi tupu naijaza chupa za maji, nazo zikishaganda husaidia kutunza baridi. Usizijaze pomoni, zitapasuka. Na kama unasafiri, gandisha kikombe cha maji, weka sarafu ya shilingi 200 juu ya barafu, ukiache humo. Ukirudi kutoka Musoma ukaikuta imezama hadi chini, ujue kila kitu kiliyeyuka kikaganda upya. Mboga hiyo usile hata kama inaonekana nzima. Ikiwa juu palepale, kaanga kitunguu, tia tonge la mgagani likiwa gumu hivyo hivyo bila kuliyeyusha, funika, na maziwa uyamimine mwishoni, jani likishaachana.