SI KILA JIWE JEUPE NI CHOKAA



Katika sehemu za juu zenye mvua nyingi, kama Molo na Mau, mvua huosha kalisiamu kutoka udongoni mwaka hata mwaka. Mbolea kama DAP nazo huongeza asidi. Udongo ukizidi asidi, mizizi hudumaa, na fosfati uliyoinunua kwa fedha hufungwa udongoni isiufikie mmea. Dawa yake ni chokaa. Lakini ukitia unga mweupe usio chokaa, umepoteza fedha na msimu pia. Basi na tujifunze jiwe hili linatoka wapi.

Chokaa ilivyofanyika

Maji ya bahari yana kalisiamu na hewa ya kaboni iliyoyeyuka ndani yake. Matumbawe, konokono na chaza huvitumia vitu hivyo kujenga nyumba zao. Wakifa, magamba yao hulundikana chini, hushikana, na baada ya muda mrefu huwa jiwe.

Ukifika Mombasa utaona jiwe la namna hiyo kando ya bahari, na matumbawe ya kale yakionekana wazi ndani yake. Matumbawe hayo huishi katika maji ya bahari yenye joto, yasiyo na kina kirefu, yanayopata mwanga wa jua. Kwa hiyo tukiyakuta juu ya nchi kavu, twajua kwamba bahari ilifika hapo. Wataalamu wamepima na kuona kwamba miaka 125,000 hivi iliyopita bahari ilikuwa juu kuliko leo kwa mita kadhaa. Bara kidogo, huko Kambe, mna jiwe la chokaa la bahari ya kale zaidi, lenye miaka zaidi ya milioni 160. Jiwe hilo ni kama daftari la dunia.

Jiwe la chokaa pia hubadilika. Magnesiamu ikiingia ndani yake, huwa dolomaiti, nayo yafaa shamba lililopungukiwa na magnesiamu. Likizikwa chini sana na kupata joto na kugandamizwa, huwa marumaru, kama ile ya Kajiado.

Si chokaa yote iliyotoka baharini. Ile ya Koru, karibu na Muhoroni, ilitokana na volkeno ya kale.

Mawe meupe ya kwetu

Mawe mengi ya Nakuru yalitoka katika volkeno kama Menengai. Lakini huko Kariandusi, karibu na Gilgil, kuna jiwe jeupe jepesi. Hilo si chokaa. Ni magamba ya vimea vidogo mno vilivyoishi katika ziwa la kale. Magamba hayo ni ya silika, kitu kile kile kilichomo katika mchanga na kioo. Hayaondoi asidi.

Magadi nayo ni meupe, lakini yana sodiamu, ambayo huharibu udongo. Usiyatie shambani.

Jinsi ya kupima

1. Tia kijiko kimoja cha unga katika gilasi ya maji, ukoroge. Magadi huyeyuka. Chokaa ya jiwe lililosagwa hutuama chini.

2. Chukua unga mwingine mkavu, udondoshee siki. Chokaa hutoa mapovu. Dolomaiti hutoa machache, polepole. Unga wa Kariandusi hautoi.

Magadi pia hutoa mapovu. Kwa hiyo usiache kipimo cha kwanza. Na kama unga ukitiwa maji hupata moto, hiyo ni chokaa iliyochomwa. Jihadhari, huunguza macho na ngozi.

Vipimo hivi havikuambii kiasi cha kutia. Kwanza peleka udongo wako upimwe, kisha umwulize Bwana Shamba. Chokaa ikizidi, nayo hudhuru mimea. Itie mapema kabla ya kupanda, uichanganye vizuri na udongo, wala usiichanganye na mbolea ya amonia, maana nguvu ya mbolea itapotea hewani.

Maswali

1. Kwa nini matumbawe yaliyo nchi kavu hutuonyesha habari za bahari ya kale?
2. Unga umeyeyuka majini, kisha umetoa mapovu kwa siki. Je, ni chokaa?
3. Kwa nini jiwe la Kariandusi haliponyi udongo wenye asidi?