Maziwa Lala Yakinuka Hamira, Kagua Chombo Kabla ya Ng'ombe

Kifuniko kimefura, mapovu yamejaa juu, na maziwa lala yananuka kama unga wa mandazi ulioumuka. Wafugaji wengi wa Nyandarua wakikuta hali hiyo humlaumu ng'ombe au lishe yake. Mara nyingi ng'ombe hana makosa. Harufu hiyo hutokana na hamira zilizo hewani na kwenye vyombo, jamii moja na hamira ya dukani, ambazo zimepata nafasi ya kuzaana ndani ya maziwa. Kwa familia inayouza lita 10 kwa siku, hasara haiishii kwa maziwa yaliyomwagwa, kwani mteja aliyeonja hamira mara moja huhamia kwa muuzaji mwingine.

Maziwa lala hugandishwa na bakteria wanaokula sukari ya maziwa na kuyatia uchachu. Hamira hazisumbuliwi na uchachu huo. Zikipata muda, nazo hutoa gesi na ile harufu ya pombe. Swali la kwanza basi ni maziwa yalichukua muda gani kuganda.

Yakitiwa mbegu nzuri na kukaa kwenye joto la nyuzi 22 hadi 25, huganda kwa takriban saa 18 hadi 24. Lakini Ol Kalou iko zaidi ya mita 2,300 juu ya usawa wa bahari, na usiku wa Julai jikoni hakuna joto hilo. Maziwa hukaa siku mbili au tatu, bakteria wakijikokota huku hamira zikiendelea. Kuongeza mbegu hakusaidii sana. Afadhali sufuria ifungwe kwa blanketi nzito au iwekwe ndani ya kikapu kilichojazwa matambara makavu na safi.

Yakikataa kuganda hata penye joto, hapo ng'ombe achunguzwe. Je, alidungwa dawa ya ugonjwa wa kuvimba kiwele? Antibiotiki huua bakteria wa kugandisha lakini hamira huziacha hai. Maziwa hayo yasinywewe wala kuuzwa hadi siku zilizoandikwa kwenye dawa ziishe.

Yakiganda kwa wakati na bado yananuka, shida iko kwenye usafi. Kuchemsha huua hamira, kwa hivyo zilizomo ziliingia baada ya maziwa kutoka motoni: kupitia mtungi, mwiko, mbegu, au sufuria iliyoachwa wazi ikipoa. Jerikeni ya plastiki ndiyo mshukiwa mkuu. Mdomo wake ni mwembamba, mkono hauingii, na mikwaruzo ya ndani huficha mabaki ya maziwa. Mtungi wa aluminiamu wenye mdomo mpana ni bei ghali, lakini husuguliwa hadi chini. Usuuzwe kwanza kwa maji baridi, kwa sababu maji moto hugandisha mabaki ukutani, kisha uoshwe kwa maji moto na sabuni, umwagiwe maji yanayochemka na kuanikwa mdomo ukiwa chini. Mpira wa kifuniko uvuliwe na kuoshwa pia, wengi huusahau.

Mbegu nayo ina njia rahisi ya kupimwa. Maziwa yaliyochemshwa na kupoa hugawanywa katika chupa mbili za glasi zilizochemshwa. Moja hutiwa kijiko cha maziwa lala ya nyumbani, nyingine mbegu mpya, na zote huwekwa mahali pamoja. Ya kwanza pekee ikinuka hamira, mbegu ya zamani itupwe. Zote zikiwa safi, kosa liko kwenye mtungi.

Wapo wanaoruka hatua ya kuchemsha wakiamini uchachu huua kila kitu. Uchachu hautoshi kumkinga mtu dhidi ya brusela, ugonjwa unaoweza kumlaza mfugaji kwa wiki kadhaa.

Wanaopenda sukari au matunda wayatie kwenye kikombe wakati wa kunywa. Yakitiwa mapema kwenye mtungi huwa chakula cha hamira. Anayeuza anahitaji leseni ya Bodi ya Maziwa Kenya, na afisa wa mifugo wa wadi anaweza kumweleza pa kuanzia.