Maswali na Majibu: Maji Ndani ya Buti la Gari la Zamani

Kwa wanafunzi wa ufundi magari wanaojiandaa na mtihani. Magari tunayoyazungumzia ni saluni kama Toyota Corolla na Mark II za miaka ya 1990, ambazo bado hazijaisha kwenye gereji zetu.

Swali la 1. Mteja analalamika kwamba kila masika shimo la tairi la spea hujaa maji. Fundi aliyetangulia alibadilisha raba ya buti, lakini maji hayakukoma. Eleza kwa nini. (Alama 4)

Jibu. Fundi alikisia, hakupima. Shimo la spea ndilo sehemu ya chini kabisa ya buti, kwa hiyo maji yanayoingia popote huishia humo. Tone linaweza kupenya kwenye kona ya kioo cha nyuma, likafuata ungio la bati chini ya zulia na kuchuruzikia upande wa pili kabisa. Raba hushukiwa kwanza kwa sababu ndiyo inayoonekana kwa macho.

Swali la 2. Taja sehemu ambazo maji hupitia. (Alama 5)

Jibu. Anza na taa za nyuma, maana sponji iliyo kati ya taa na bodi hukauka na kubonyea kadiri miaka inavyokwenda. Nyingine ni raba ya buti, gundi ya kioo cha nyuma, maungio ya bodi, tundu la antena kwa magari ambayo antena iko ubavuni nyuma, na matundu ya skrubu za spoila iliyofungwa baadaye. Gari lililowahi kugongwa nyuma likanyooshwa, chunguza maungio kwanza: mafundi bodi wengi hupaka rangi nzuri nje na kuacha ungio la ndani bila gundi.

Usisahau vipenyo vya kutolea hewa nyuma ya bampa. Hivi vina vipande vya mpira vinavyofunguka kwa nje tu. Vikipinda au kukatika, maji yanayorushwa na magurudumu huingia. Mtahini hupenda kutega hapa: vipenyo hivi havizibwi. Ukiviziba, milango itakuwa migumu kufunga na vioo vitashika ukungu.

Swali la 3. Eleza hatua za kutafuta uvujaji. (Alama 10)

Jibu. Toa kila kitu: spea, zulia, mbao, vifuniko vya pembeni. Kabla ya kufuta na kukausha, angalia vumbi. Gari linalopita barabara za vumbi hubeba ushahidi wake lenyewe, kwani panapopita vumbi maji nayo hupita, na michirizi ya tope kavu huonyesha yalikoanzia. Wengi hufuta ushahidi huo kwanza, kisha ndipo wanaanza kuutafuta.

Baada ya hapo kausha hadi bati libaki tupu, kisha paka unga wa chaki kwenye maungio na kuzunguka taa. Mwenzako aingie ndani na tochi, kiti cha nyuma kikiwa kimelazwa au kimetolewa ili asikose njia ya kutokea. Kazi hii haifanywi na mtoto, hata kama ndiye anayeenea vizuri.

Mwaga maji kwa mpira, taratibu, ukianzia chini kwenda juu: bati la chini ya taa, taa zenyewe, ukingo wa kifuniko, na kioo mwishoni. Kila sehemu ipe dakika kadhaa. Ukianzia juu, maji yatalowesha kila kitu kwa pamoja na hutajua ni wapi yalipoingilia. Usitumie mashine ya presha: hupenyeza maji hata kwenye raba nzima.

Swali la 4. Raba hupimwaje? (Alama 2)

Jibu. Weka kipande cha karatasi juu yake, funga buti, vuta. Kikitoka bila kukaza, raba haikandamizwi hapo. Rekebisha kitasa na bawaba kwanza, kabla ya kumtuma mteja dukani.

Swali la 5. "Silikoni huziba kila kitu." Jadili. (Alama 6)

Jibu. Si kweli. Silikoni inayonuka siki hutoa asidi inapokauka na huleta kutu kwenye bati tupu. Tena rangi haishiki juu yake. Kwenye maungio, kwangua gundi iliyopasuka, ondoa kutu kwa brashi ya waya na msasa, paka praima, weka gundi ya maungio ya bodi, kisha rangi. Kwenye taa, badilisha sponji kwa nyingine isiyonyonya maji na ukaze nati kwa kupokezana; ukizidisha nguvu plastiki hupasuka.

Swali la 6. Kwa nini mteja asiambiwe avumilie? (Alama 3)

Jibu. Kutu hula sakafu, nyaya za taa huoza, na raba mbovu huweza kuingiza moshi wa ekzosi wenye kaboni monoksidi, gesi isiyo na rangi wala harufu. Hiyo huua.

Swali la 7. Mteja anataka utoboe tundu kwenye shimo la spea ili maji yatoke. Utafanyaje? (Alama 2)

Jibu. Kataa. Bati lililotobolewa hushika kutu pembezoni, na tundu hilo huingiza maji ya barabarani na moshi. Fungua kizibo cha kiwandani, kama kipo, toa maji, urudishe kizibo, kisha rudi Swali la 3.