Spika Ndogo na Sabufa Sebuleni: Nani Abebe Sauti Nzito?

Neno "sabufa" limekwisha kuingia katika Kiswahili cha kila siku, na kama yalivyo maneno mengi yanayopitia dukani kabla ya kupitia shuleni, limefika likiwa na maana iliyopanuka. Mtu akisema amenunua sabufa, aghalabu huwa na maana ya seti nzima: sanduku moja kubwa la kuwekwa sakafuni pamoja na visanduku viwili au vitano vya kuwekwa juu ya kabati. Kwa wataalamu wa sauti, sabufa ni lile sanduku kubwa peke yake, nalo lina kazi moja tu, yaani kutoa sauti nzito zilizo chini ya uwezo wa spika nyingine. Tofauti hii si ya kubishania kamusi. Wengi wanaolalamika kwamba muziki wao unanguruma bila kueleweka wametiwa katika hali hiyo na sanduku kubwa lililopewa kazi isiyokuwa yake, au lililowekwa mahali pasipolifaa.

Mwandishi wa makala haya alikuwa miongoni mwao. Niliunganisha jozi ya spika ndogo nzuri na sabufa, na kwa kuwa sebule yetu ni finyu, nikalisukuma sanduku hilo kwenye pembe ya chumba. Usiku wa tatu jirani yetu, mama mtu mzima ambaye ni muuguzi wa zamu, akabisha hodi. "Mwalimu," akasema baada ya kuniitikia shikamoo yangu, "huo muziki wenyewe mimi siusikii hata kidogo. Nasikia du, du, du, na kitanda kinatetemeka. Nami alfajiri naingia kazini." Nilimwomba radhi, nikazima. Aibu yangu ilikuwa kubwa kwa sababu somo ninalolifundisha ni fizikia, na katika maneno yale machache mlikuwa na sura nzima ya kitabu.

Hewa ya kusukumwa

Hebu tuanze na chanzo. Sauti ni mtikisiko wa hewa, na idadi ya mitikisiko katika sekunde moja, yaani marudio, hupimwa kwa hezi. Sikio zima la kijana husikia kuanzia takriban hezi 20 hadi hezi 20,000. Uzi mnene kuliko yote wa gitaa la besi, ukipigwa bila kubanwa, hutikisika mara 41 kwa sekunde. Ule wa gitaa la kawaida, mara 82. Na noti ya chini kabisa ya piano, mara 27 na nusu.

Spika hutoa sauti kwa kuipeleka koni yake mbele na nyuma ili isukume hewa. Hapa pana kanuni isiyokwepeka: marudio yakipungua kwa nusu, koni haina budi kusafiri mara nne zaidi ili ukubwa wa sauti ubaki ule ule. Tuseme koni ya spika ya kabatini inasafiri nusu milimita ili kutoa sauti ya hezi 160. Tukishuka hadi hezi 80, itatakiwa isafiri milimita 2. Tukishuka tena hadi hezi 40, karibu na ule uzi mnene wa besi, itatakiwa isafiri milimita 8. Koni yenye kipenyo cha sentimita 13 kwa kawaida haiwezi kwenda zaidi ya milimita 3 au 4 kila upande bila kuharibu sauti. Ikilazimishwa, hukwaruza, ikilazimishwa zaidi, koili yake huungua au hutoka katika njia yake. Hata kabla ya kufika huko, koni hiyo hiyo inabeba pia sauti ya mwimbaji, naye mwimbaji atasikika akiyumba kila besi inapopigwa, mfano wa mtu anayehutubia akiwa juu ya gari katika barabara mbovu.

Sabufa yenye koni ya sentimita 25 ina eneo la kusukumia hewa la takriban sentimita za mraba 340, ambapo spika ile ndogo ina kama 90 tu. Tena koni ya sabufa imeundwa kusafiri sentimita nzima au zaidi. Msomaji akizidisha eneo kwa mwendo ataona kwamba sabufa husukuma hewa takriban mara kumi au zaidi.

Pengine mtu atauliza kwa nini spika ndogo isitengenezwe ya kutosha. Jibu lilikwisha kutolewa na J. A. Hofmann, mmoja wa waanzilishi watatu wa kampuni ya KLH ya Marekani iliyoundwa mwaka 1957. Alionyesha kwamba mambo matatu hayapatikani pamoja: sanduku dogo, sauti nzito ya chini, na sauti kubwa kwa umeme kidogo. Chagua mawili, la tatu utalikosa. Mhandisi hodari huijua biashara hiyo na kuikubali. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 wahandisi wa BBC walihitaji spika ya kusikilizia matangazo ndani ya magari ya kurushia matangazo ya nje, ambamo sanduku kubwa halikuweza kuingia. Wakatengeneza LS3/5A, sanduku la takriban lita 5 lenye koni ya sentimita 11. Niliisikia kwa mara ya kwanza nilipokuwa masomoni Uingereza, na mpaka leo sijasahau jinsi sauti ya msomaji wa habari ilivyokuwa kama ya mtu aliyeketi mbele yangu. Besi yake ya chini ilikuwa haba, nao wahandisi wale hawakujaribu kuilazimisha. Spika ya namna hiyo ndiyo mwenzi afaaye wa sabufa: inafanya vizuri inachokiweza, na inahitaji msaidizi kwa kisalia.

Mpaka wa kazi

Kifaa kinachogawa kazi huitwa krosova. Hupeleka sauti nzito kwenye sabufa na kuziacha nyingine ziende kwenye spika ndogo. Mpaka uliozoeleka ni hezi 80, na sababu yake imo katika masikio yetu. Wimbi la hezi 80 lina urefu wa zaidi ya mita 4, na masikio mawili yaliyotengana kwa sentimita kumi na kitu hayawezi kutambua kwa urahisi wimbi hilo limetoka upande gani. Kwa hiyo sabufa yaweza kukaa mahali popote chumbani, nalo gitaa la besi likasikika kana kwamba linatoka kwa wanamuziki walio mbele.

Sasa tazama seti nyingi za bei nafuu. Visanduku vyake vina koni za sentimita 7 au 8, ambazo hazifiki hezi 80 hata kwa kuzibembeleza. Mtengenezaji hulazimika kuupandisha mpaka hadi hezi 150 au 200. Sauti ya mwanamume anapozungumza ina msingi wake kati ya hezi 85 na 155 hivi, na matokeo yake ni kwamba nusu ya mtangazaji inatoka mbele na nusu yake inatoka pembeni, chini ya meza. Wala haisaidii kutazama wati zilizoandikwa kwenye boksi. Wati 10,000 zenye herufi PMPO hazina kipimo kilichokubaliwa na wataalamu. Plagi yetu ya ampea 13 katika umeme wa volti 230 haiwezi kupitisha kwa mfululizo zaidi ya wati 3,000. Mwenye fedha kidogo ni heri anunue kwanza spika mbili nzuri zenye koni ya sentimita 13 au zaidi, na sabufa aje ainunue baadaye, kuliko kununua vyote kwa pamoja vikiwa dhaifu.

Jambo lingine la kuzingatia: krosova isiishie kuipa sabufa sauti nzito tu, bali pia izizuie sauti hizo zisiende kwenye spika ndogo. Amplifaya nyingi zenye tundu la sabufa hupeleka nzito kwenye sabufa na wakati huo huo kuziachia spika ndogo kila kitu. Kama yako ina mahali pa kuzitambulisha spika kuwa "ndogo", itambulishe hivyo. Koni zikipumzishwa mzigo wa chini, sauti ya mwimbaji hutulia mara moja.

Chumba nacho ni ala

Tumefika penye kosa langu. Katika joto la nyuzi 28, sauti husafiri takriban mita 348 kwa sekunde. Sebule yetu ina urefu wa mita 4, na upana wa mita 3.2. Kati ya kuta mbili zinazotazamana, wimbi ambalo nusu ya urefu wake ni sawa na nafasi iliyopo hugonga ukuta, likarudi, likakutana na lijalo, na kuwa wimbi lililosimama. Kwa mita 4 jambo hilo hutokea penye hezi 43 na nusu. Kwa mita 3.2, penye hezi 54 hivi. Sasa noti ya fa ya chini katika gitaa la besi ina hezi 43.7, na la ina hezi 55. Kila mpiga besi alipopita katika noti hizo mbili, chumba changu kilimpokea kwa ngurumo. Alipopita katika noti zilizo kati yake, alinyamaza. Nilikuwa nikimlaumu mpiga besi, kumbe wa kulaumiwa ni fundi aliyejenga nyumba.

Pembe ndipo mahali pabaya kuliko pote kwa jambo hili, maana huko ndiko mawimbi yote yaliyosimama huamshwa kwa nguvu. Isitoshe, kila uso mgumu ulio karibu, yaani sakafu na kuta mbili, waweza kuiongezea sauti nzito hadi desibeli 6. Nyumba zetu za matofali ya saruji hurudisha mawimbi haya karibu yote. Na msikilizaji naye ana mahali pake: aliyeketi katikati kabisa ya urefu wa chumba hulikosa lile wimbi la kwanza, aliyeegemea ukuta hulipata kwa wingi kupita kiasi.

Dawa yake haina gharama. Liweke sabufa juu ya kiti unachosikilizia, au mahali pake pale pale. Piga wimbo wenye besi inayotembea noti baada ya noti, kisha tambaa kwa magoti kandokando ya kuta ukisikiliza. Watoto wangu walicheka sana kumwona baba yao katika hali hiyo. Utakuta mahali ambapo noti zote zinasikika kwa usawa, na hapo ndipo sabufa linapotakiwa kukaa. Kwangu mimi ilikuwa karibu na katikati ya ukuta mrefu, mahali ambapo lile wimbi la hezi 43 haliamshwi kabisa. Ngurumo ikaisha, na nikagundua kwamba nilihitaji kufungulia sauti kwa kiasi kidogo kuliko awali.

Baada ya hapo hubaki swichi ya fezi, ambayo wengi hawaigusi. Nusu ya wimbi la hezi 80 ni kama mita 2 na robo. Ikiwa sabufa iko mbali na kiti kuliko spika ndogo kwa kadiri hiyo, koni moja itakuwa ikisukuma wakati nyingine inavuta, na sauti zitauana penye mpaka. Tafuta katika simu programu ya kutoa sauti ya hezi 80, iunganishe kwenye amplifaya, uketi, na mtu mwingine ageuze swichi kutoka 0 hadi 180. Chagua upande unaosikika zaidi. Kisha pandisha ukubwa wa sabufa mpaka ulisikie kama kitu cha peke yake, na ulishushe mpaka lipotee masikioni. Ukilizima na kuona kwamba muziki umepungukiwa, umefika.

Habari ya ukuta wa jirani

Fletcher na Munson wa maabara za Bell walionyesha mwaka 1933 kwamba sikio ni zito kwa sauti za chini. Sauti ya hezi 40 huanza kusikika inapofika takriban desibeli 50, hali ile ya hezi 1,000 husikika karibu na sifuri. Hii ndiyo sababu usiku, tunapopunguza muziki, besi hutoweka kwanza, nasi tunashawishika kuiongeza peke yake.

Ukuta lakini una tabia ya kinyume. Kila marudio yanapopungua kwa nusu, uwezo wake wa kuzuia sauti hupungua kwa desibeli 6 hivi. Kati ya hezi 320 na hezi 40 kuna nusu tatu, yaani desibeli 18. Basi mwimbaji na tarumbeta hubaki kwangu, na besi humfikia mama muuguzi. Sponji ya kuweka chini ya sanduku hupunguza mtetemo unaopita sakafuni, lakini ile inayopita hewani haizuiliki kwa sponji wala kwa pazia.

Nilimweleza hayo tulipokutana asubuhi moja kibarazani, pamoja na habari ya kutambaa. Akaniuliza kama sasa, baada ya hesabu zote hizo, ataweza kulala. Nilimwambia kwamba ngurumo imepungua kwa kuwa sanduku limetoka pembeni, ila sikuweza kumwahidi kwamba haitasikika kabisa. Tumekubaliana kwamba ikifika saa tatu za usiku nalizima sabufa, na spika ndogo huendelea peke yake.