Mahesabu ya duka yapo kwenye kompyuta ya nyumbani? Chagua bakapu hivi

Wafanyabiashara wenzangu, kabla sijapakua programu yoyote ya bure ya bakapu huwa najiuliza hivi: nikifuta faili la madeni leo, mwezi ujao nitalipata? Google Drive inatoa GB 15 bure, ila ukifuta faili huku, na kule linaingia kwenye taka, siku 30 limekwenda. File History ya Windows inatunza matoleo ya zamani kwenye diski ya nje, bando haiguswi. Duplicati nayo bure, inafunga nakala kwa nywila (ukiisahau, basi tena!) na baada ya mara ya kwanza inatuma mabadiliko tu. Ukishachagua, jaribu kurudisha faili moja leo leo. Diski uichomoe ukimaliza, kirusi kikija kisiikute.