Erika Bustanini: Fanya Hivi, Usifanye Hivi

Kila Septemba maduka ya hapa Uingereza hujaa vyungu vidogo vya kaluna, kile kichaka kifupi cha maua ya zambarau kinachofunika vilima vya Uskoti kuanzia mwezi wa nane. Wenyewe wanaiita heather. Watu wananunua, wanapanda, na mwaka ukizunguka vichaka vingi vimeshakuwa kuni. Hii ni mimea ya milima yenye upepo na udongo fukara. Baridi inaizoea, shibe haiiwezi. Naandika kwa ukali kwa sababu nimeiua mwenyewe, na iliyokufa mkononi mwangu ilikufa kwa kubembelezwa.

Soma kibandiko kabla ya kulipa. Kaluna (Calluna vulgaris) huchanua mwishoni mwa kiangazi na haivumilii chokaa kabisa. Erika ya baridi (Erica carnea) huchanua katikati ya theluji, hata Februari, wakati malkia wa nyuki wale wakubwa wenye manyoya wanatoka mafichoni na njaa. Hiyo huvumilia chokaa kiasi. Ukizichanganya hizi mbili, kila ushauri utakaopewa utakuwa nusu kweli.

Usinunue iliyopuliziwa rangi. Bluu ile na manjano ile inayong'aa ni rangi ya kopo, na mmea uliofunikwa rangi haupati mwanga vizuri.

Usipande kaluna kwenye udongo wa chokaa. Pima kwanza, kipimo cha pH kikizidi 6, tafuta mahali pengine au panda kwenye chungu chenye udongo wa mimea ipendayo tindikali, usiochanganywa na mboji ya kuchimbwa vinamasini. Vinamasi hivyo ni sehemu ya makazi ya kaluna mwituni, na si haki kuvichimbua ili kuipamba baraza. Kaluna yangu ya kwanza niliipanda kando ya ukuta wa matofali uliokarabatiwa. Chini ya udongo kulikuwa na mabaki ya lipu ya zamani, nami sikuchimba kuangalia. Majani yakaanza kugeuka manjano kutoka kwenye ncha. Nikadhani ni njaa, nikaimwagia samadi. Haikumaliza mwezi.

Kwa hiyo: usiipe samadi. Usiipe mbolea ya chumvichumvi. Mizizi ya kaluna ni laini kuliko nywele, na ndani yake huishi kuvu rafiki wanaoitafutia chakula kwenye udongo ambao mimea mingine ingekufa njaa. Ukiushibisha udongo, unauvuruga ushirika huo. Matandazo ya magome ya msonobari yanatosha.

Mwagilia maji ya mvua. Sehemu nyingi za kusini mwa Uingereza maji ya bomba yana chokaa. Angalia ule ukoko mweupe chini ya birika lako la chai, ndio unaoumwagia mmea. Weka pipa chini ya mfereji wa paa. Na mwaka wa kwanza usiisahau, hata wakati wa baridi, maana upepo mkavu huikausha. Tatizo lake ni kwamba hainyauki ikakuonyesha kiu kama mchicha. Majani yake madogo hubaki yameshikilia tawi, yakionekana mazima, huku mizizi imeshakufa. Ukiona imekuwa kijivu, umechelewa.

Lakini pia usiipande mahali maji yanapotuama. Mizizi itaoza.

Ipande kwenye jua, na uizamishe mpaka majani ya chini yaguse udongo. Shina likiachwa wazi, upepo hulitikisa na mizizi haishiki. Kabla ya kufukia, ifungue mizizi kwa vidole. Ikitoka kwenye chungu imejizungusha kama kamba, haitanyooka yenyewe.

Pogoa kila mwaka, bila huruma na bila pupa. Hapa ndipo wengi wanapokosea, kwa hiyo chukua tawi moja mkononi ulitazame. Juu kabisa kuna maua makavu ya rangi ya kahawia. Chini yake kuna sehemu yenye majani mabichi. Chini zaidi kuna mti mtupu, mgumu, wa kijivu. Mkasi wako upite chini ya maua makavu, ndani ya ule ubichi, basi. Usikate kwenye mti mtupu: hautachipua tena, na pengo hilo utaliangalia miaka yote. Ukiacha kupogoa, ubichi hupanda juu mwaka hadi mwaka, katikati kunabaki upara, na kichaka hakirekebishiki tena. Kaluna ipogolewe Machi au Aprili. Vuli iache, maua makavu huyakinga machipukizi na jalidi. Erika ya baridi ipunguzwe mara tu inapomaliza kuchanua. Ukisubiri mpaka kiangazi kikolee, unakata maua ya msimu ujao.

La mwisho ni la nyumbani, na hili sina mzaha nalo. Usibebe mbegu wala mche wa kaluna kuupeleka Lushoto, Limuru au Moshi. Mwanzoni mwa karne ya 20, huko New Zealand, mtunzaji wa hifadhi ya Tongariro alipanda kaluna ili kufuga ndege wa kuwindwa wa Uskoti. Ndege hawakustawi. Kaluna ilienea, ikasonga mimea ya asili, na mwaka 1996 ilibidi waingize mbawakawa wa kuila. Mbegu zake hulala udongoni kwa miongo zikisubiri.

Na wala hatuna upungufu. Kilimanjaro ina erika zake, ndugu wa kaluna, nyingine ndefu kama miti, zimening'iniza ndevu za kuvu-mwani, zikinasa ukungu na kuudondosha matone ardhini. Moto umeshazila sana. Ule wa Oktoba 2020 ulionekana mpaka mjini Moshi. Ukipanda mlima, usikate tawi la kumbukumbu, using'oe mche, na moto wako wa kambi usiuwashe.