Talanta, mwani na haki: somo juu ya biashara ndogo za wanawake Unguja

Tunapoandaa semina za ujasiriamali parokiani, mara nyingi tunachukua mfano wa talanta (Mt 25:14-30) na kuwahimiza akina mama waongeze bidii. Bidii ni fadhila. Lakini tukizitazama kwa makini biashara za wanawake hapa Unguja, tunaona kuwa mara nyingi kinachowatenganisha si bidii, bali ni mahali kila mmoja anapoanzia.

1. Hali halisi

Tufikirie wanawake wawili. Wa kwanza anaishi Mji Mkongwe. Amemaliza kidato cha nne, anazungumza Kiingereza kidogo, na nyumba ya familia ina baraza kwenye njia wanayopita watalii. Hapo anauza viungo na vikoi.

Wa pili yuko Paje, analima mwani. Kilimo hiki cha biashara kilianza pwani ya mashariki ya Unguja mwaka 1989, na hadi leo wakulima wengi ni wanawake. Maji yakitoka, anaingia pwani kufunga mbegu kwenye kamba. Baada ya wiki sita hivi anavuna, anaanika na kuuza.

Wote wawili huamka mapema. Hata hivyo huyu wa pili ana vikwazo vitatu. Kwanza, dhamana: mkopo hudai hati ya nyumba au shamba, na hati hiyo mara nyingi ina jina la mume au kaka. Pili, bei: kwa muda mrefu wanunuzi wamekuwa wakitoa kamba kwa sharti la kuuziwa mwani. Asiye na fedha ya kamba hana nguvu ya kujadili bei. Tatu, malezi: aina ya mwani yenye bei nzuri, iitwayo kotonii, hufa maji ya pwani yanapopata joto. Kwenye kina kirefu hustawi zaidi, lakini huko panahitaji mtumbwi na kujua kuogelea, na wasichana wengi wa pwani hawakufundishwa kuogelea.

2. Mwanga wa imani

Turudi kwenye talanta. Talanta moja ilikuwa sawa na ujira wa kibarua wa miaka karibu 20. Hata mtumwa wa mwisho, basi, alikabidhiwa mtaji mkubwa kabla ya kudaiwa hesabu. Hatuwezi kumhukumu kwa mfano huu mama ambaye hajakabidhiwa kitu.

Lidia naye (Mdo 16:14-15) aliuza zambarau, bidhaa ya thamani, na alikuwa na nyumba ya kumkaribishia Paulo. Imani yake ilikuwa kubwa. Msingi wake wa kiuchumi pia ulikuwepo.

Papa Leo XIII, katika Rerum Novarum (1891), alifundisha kuwa mapatano yanayokubaliwa kwa kubanwa na shida hayawi ya haki kwa sababu tu pande mbili zimekubaliana. Fundisho hili linagusa moja kwa moja bei ya mwani. Nalo halibagui: wengi wa wanawake hawa ni majirani zetu Waislamu, na hadhi yao ni ile ile.

3. Tufanye nini?

Wapo wanaotuonyesha njia. Vikundi vya wanawake, kama vile vya Kidoti, husaga mwani na kutengeneza sabuni, hivyo thamani ya kazi yao hubaki mikononi mwao. Upatu na vikoba navyo huwapa mtaji wasio na hati, kwa kuwa dhamana yao ni kuaminiana. Basi kabla ya kumfundisha mama kutunza hesabu, tumwulize kwanza: kamba ni za nani, hati ina jina la nani, na bei inapangwa na nani?

Maswali ya kutafakari katika jumuiya ndogo ndogo

- Katika familia yetu, binti anarithi nini cha kuanzia maisha?
- Tunaponunua kwa mama lishe au muuza vitumbua, je, tunamlipa kwa haki, au tunatumia shida yake kupunguza bei?
- Mfuko wa parokia unamfikia nani kwanza: mwenye dhamana, au asiye nayo?